Yule Mama wa Tangazo la Umra

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Ilwad mlangoni mwa Ajensi ya Marwazi, ghorofa ya tatu, First Avenue, Eastleigh, mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa. Alikuwa ameinua macho kutazama televisheni ya ukutani, na kwenye televisheni alikuwa amemwona mama yake.

Mama yake ana miezi saba kaburini. Alienda Umra akafia Madina, akazikwa hukohuko siku hiyohiyo.

Na sasa huyu hapa, amevaa shela nyeupe, anatabasamu.

"Nimefika," Mama akasema. "Sina hofu tena. Njoo na wewe."

Maandishi ya kijani yakapita na namba ya simu. Kisha Mama akaanza tena. Nimefika. Sina hofu tena. Njoo na wewe.

Ilwad alikiachia kitasa. Aliingia ndani, akachagua kiti, akaketi. Alifungua jalada lake, akatoa hojaji na kalamu.

Usitegemee machozi, msomaji. Tangu siku ile simu ilipopigwa kutoka Madina, Ilwad hajalia hata mara moja. Hakulia matanga yalipokaliwa bila maiti. Hakulia alipokunja nguo za marehemu na kuzigawa. Watu wa Shauri Moyo walisema ana moyo mgumu. Yeye mwenyewe alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiubonyeza husikii kitu.

Alirudi chuoni wiki ya tatu. Anasomea shahada ya uzamili ya biashara, na utafiti wake unahusu namna ajensi za Umra zinavyowavutia wanawake wa mitaa ya Eastlands. Ajensi tisa kwenye orodha. Marwazi ndiyo aliyoiacha iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyompeleka mama yake.

Kwa hiyo alijua anaingia wapi. Hakujua tu atamkuta nani ukutani.

Mwanamume mmoja alitoka chumba cha ndani. Miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri, shati limepigwa pasi.

"Wewe ndiye wa chuo? Karibu, abaayo, dada yangu. Naitwa Abdiwali. Mimi ndiye wa matangazo hapa, na pia huwaongoza wasafiri kule."

"Ahsante. Nina maswali kumi na mawili tu."

"Uliza yote."

Ilwad alitazama karatasi. Swali la kwanza lilikuwa pale pale, limepigwa chapa na yeye mwenyewe, na sauti yake ikalisoma bila kutetemeka.

"Ni tangazo gani limewaletea wateja wengi zaidi mwaka huu?"

Abdiwali alicheka, akaelekeza kidole ukutani.

"Hilo. Sekunde nane tu. Mwanzoni tulikuwa tunaweka minara, hoteli, vyakula. Watu wanapita. Tangu tumweke yule mama, wanawake wa Jogoo Road wanakuja wakisema, nataka kwenda na ile safari ya yule mama."

Ilwad aliandika. Sekunde nane. Yule mama.

"Kwa nini wanamwamini?"

"Mtazame sura. Anafanana na jirani yako. Haigizi. Halafu sikiliza Kiswahili chake, utajua ni mtu wa Magharibi mwa Kenya aliyesilimu. Kule Mbotela, Shauri Moyo, Makongeni, wako wengi kama yeye. Walidhani safari hii ni ya watu wa Eastleigh peke yao. Sasa wanamwona mtu wao ndani."

"Tangazo linaonekana wapi?"

"Kwenye simu. Tulilielekeza kwa wanawake wa mitaa ya Jogoo Road waliopita thelathini tu. Eastleigh wanatujua tayari."

Hapo Ilwad akaelewa kwa nini hakuwahi kuliona. Simu yake, ya binti ambaye hajafika thelathini, haikuwa miongoni mwa simu zilizolengwa.

"Limekuwepo tangu lini?"

"Miezi miwili hivi."

"Na yule mama yuko wapi sasa?"

Abdiwali alinyoosha mkono wa shati, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Yuko salama. Alhamdulillahi."

Ilwad aliandika jibu hilo kama alivyoyaandika mengine. Akafunga kalamu.

"Anaitwa Batulo," alisema. "Kabla ya kusilimu aliitwa Kageha. Alikuwa na alama ya kuungua hapa kwenye kifundo cha mkono, ndiyo maana kwenye hiyo picha mkono huu umefichwa. Mimi ni Ilwad. Mimi ni mwanawe."

Televisheni iliendelea. Njoo na wewe.

Abdiwali alitafuta rimoti juu ya meza, hakuipata. Akaenda akachomoa waya ukutani. Aliporudi hakuketi kwenye kiti chake cha nyuma ya meza. Aliketi kwenye kile cha wateja, kando ya Ilwad, na mabega yake yakashuka.

"Nilikuwa naye," alisema. "Hospitalini. Nataka ujue hakuwa peke yake."

"Nashukuru."

"Abaayo, nitukane basi."

"Sina la kukutukana. Nani alitoa ruhusa picha yake itumike?"

"Hakuna."

"Uliomba?"

"Sikuomba. Bosi alitaka sura ya mtu wa kweli, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu. Nikakata kipande. Nilijiambia ni thawabu, watu watakwenda Umra kwa sababu yake. Nilijiambia mengi."

Ilwad alifungua kalamu tena. Chini ya swali la sita, kuhusu ridhaa ya wateja, akaandika: Hapana.

Halafu neno moja likarudi na kumsimamisha.

"Umesema ulikata kipande. Ulikikata kutoka wapi?"

Abdiwali alitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza. Kwenye korido mtu alipita akivuta furushi la nguo za jumla, na kelele za plastiki zikisuguana na sakafu zikaja na kwenda.

"Kuna video nzima," alisema. "Dakika sita. Aliniomba nimrekodi usiku wake wa mwisho. Ilikuwa ujumbe wako."

"Wangu?"

"Ulianza kwa jina lako."

"Miezi saba, Abdiwali."

"Nilimpelekea baba yako kwanza. Ndiyo adabu, nilidhani. Mzee Burale aliitazama mara moja, hapo dukani kwake. Akanirudishia simu. Akaniambia, usimwonyeshe Ilwad, usimwonyeshe mtu, hili nitalishughulikia mimi mwenyewe. Nilimwahidi. Lakini kuifuta sikuifuta."

Baba yake. Mtu aliyekula naye chakula cha jioni kila siku kwa miezi saba, mezani wakiwa wawili, wakiongea habari za bei ya sufuria na mvua.

"Nitumie," Ilwad alisema.

"Nilimwahidi mzee."

"Na mama yangu ulimwahidi nini?"

Simu ya Ilwad ililia dakika moja baadaye. Video imeingia.

*

Hakungoja afike nyumbani. Aliitazama palepale, kwenye kiti cha wateja. Abdiwali alitoka nje akasimama koridoni.

Mama alikuwa amelala nusu, mito miwili mgongoni. Shela ileile nyeupe. Tabasamu halikuwepo bado.

"Ilwad, mwanangu. Huyu kijana anasema nisiongee sana kwa sababu ya kifua. Nitaongea kidogo kidogo, wewe nivumilie.

"Kabla sijaolewa na baba yako nilikuwa na mtoto. Msichana. Anaitwa Everline. Nilimwacha kwa mama yangu kule Maragoli akiwa na miaka mitatu. Burale alijua. Alisema nisije naye, na mimi nikakubali, kwa hiyo usimlaumu yeye peke yake. Nilikubali kwa mdomo wangu."

Ilwad alisimamisha video. Aliangalia kucha zake. Akabonyeza iendelee.

"Miaka miwili iliyopita nilimpata. Yuko hapohapo Mbotela, anashona sare za shule. Karibu na kioski cha maji, mlango wa kijani. Lile darasa langu la Jumamosi, nililokuambia liko msikitini, haliko msikitini. Liko kwake.

"Watoto wenyewe ni wale ambao mama zao ni wa kwetu na baba zao ni wa kwenu. Wakienda duksi kusoma Qur'ani wanachekwa, hawajui Kisomali. Wakienda kwa wajomba wanachekwa, hawali hiki hawali kile. Mtoto anajua kusoma Qur'ani yote na hajui hata neno moja linasema nini. Mimi nimesema, hawa watajifunza dini wakiwa ni wao. Maana kwa Kiswahili. Herufi nawafundisha kwa wimbo ambao mama yangu alinibembelezea. Dua vilevile. Qur'ani siigusi, Qur'ani ina usomaji wake. Lakini dua wanaziimba, Ilwad, na hawazisahau. Nimeandika mpango wote kwenye daftari, wa miaka mitatu, daftari analo Everline. Wewe ndiye umesoma. Darasa langu lisife."

Alikohoa muda mrefu. Mkono wa mtu, bila shaka wa Abdiwali, ulimpa maji.

Kisha Mama akageuza uso, akaitazama kamera sawasawa, na hapo tabasamu likaja.

"Na wewe Everline, wakikusikilizisha hii. Ile ahadi niliyokuambia nitaiombea nguvu hapa, nimefika. Sina hofu tena. Nikirudi nitamwambia kila mtu wewe ni nani. Njoo na wewe, uketi nyumbani kwetu, tule pamoja."

Video ikaisha.

Ilwad alibaki ameshika simu. Hivyo ndivyo maneno yalivyokuwa. Nimefika. Sina hofu tena. Njoo na wewe. Wanawake wa Jogoo Road walikuwa wameitwa Makka kwa mwaliko wa chakula ambao mama alimpa mtoto wake.

Alitoka koridoni.

"Liondoe tangazo," alimwambia Abdiwali.

"Nimeshaliondoa. Sasa hivi, ulipokuwa ndani. Bosi ataniuliza Jumatatu."

"Utamjibu nini?"

"Sijui bado."

Ilwad aliitikia kwa kichwa, akamwachia ile hojaji aweke sahihi, kama alivyofanya ajensi zote nane zilizotangulia. Abdiwali akatia sahihi chini ya lile jibu la Hapana.

*

Duka la Burale la vyombo liko Shauri Moyo, upande wa Gikomba. Ilwad alitembea hadi huko kwa miguu. Njiani hakupanga atasema nini. Alihesabu hatua, kisha akasahau hesabu, kisha akawa amefika.

Duka lilikuwa limefungwa. Kufuli mbili.

Saa tano asubuhi, Jumamosi, siku ambayo Gikomba nzima iko barabarani, na Burale amefunga. Ilwad, ambaye Jumamosi zote hushinda maktaba, hakuwahi kujua.

Mkabala na duka, fundi Mukhwana alikuwa akigonga bati la sanduku la shule. Aliposimamisha nyundo, ndipo Ilwad alipotambua kelele ilivyokuwa kubwa.

"Unamtafuta mzee?"

"Ndiyo. Ameenda wapi?"

Mukhwana alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo linalojulikana.

"Jumamosi mzee hafungui, dada. Miezi mingi sasa. Mimi nilidhani wewe ndiye unajua."

"Huwa anakwambia anaenda wapi?"

"Hasemi, na mimi simwulizi. Tangu mama yenu afariki amekuwa mtu wa maneno machache. Huvaa kanzu safi, anaondoka. Jioni anarudi anafungua kwa saa moja, anafunga."

Ilwad alimpigia simu baba yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alipokea.

"Aabo, uko wapi?"

"Niko dukani. Kuna wateja. Nitakupigia."

Ilwad alikuwa akizitazama zile kufuli mbili alipomsikia akisema hivyo.

"Sawa, Aabo," alisema, akakata.

Baba yake alikuwa amesema uongo, na yeye hakusikia hasira. Alisikia kiu. Mukhwana alimpa kikombe cha maji, akanywa yote, akashukuru, akaelekea Mbotela.

*

Kioski cha maji hakikuwa kigumu kupata. Wanawake watatu walikuwa kwenye foleni na mitungi ya njano. Mlango wa kijani ulikuwa wa tatu baada ya hapo. Nje kulikuwa na ubao mdogo: Sare za shule, marekebisho, zipu. Kando ya mlango kulikuwa na viatu vidogo, vimepangwa kwa mistari miwili.

Ilwad alibisha.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alizitoa pini. Alikuwa na paji la uso la Mama na ile namna ya Mama ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapomtazama mtu.

Ilwad alikuwa ametayarisha jina lake, lakini mwenzake alimtangulia.

"Wewe ni Ilwad," yule mwanamke alisema.

"Umenijuaje?"

"Mama alikuwa na picha yako kwenye pochi. Kila Jumamosi alikuwa anaitoa." Alijipangusa mikono kwenye aproni, kisha akamshika Ilwad mikono yote miwili. "Mimi ni Everline. Nimekungoja sana. Nilijiambia, siku moja atakuja tu, hata kama wamemkataza."

"Hawakunikataza. Nimejua leo."

"Leo?" Everline alifikiri kidogo. "Basi karibu leo. Na Mama hajambo?"

Ilwad alimtazama.

"Niambie ukweli," Everline aliendelea, akishusha sauti. "Mzee anasema amepata kazi ya kufundisha wanawake huko Madina, ndiyo maana amekawia. Mimi simpingi. Lakini mtu kweli akose hata kupiga simu? Nilikuwa nimeanza kukasirika, sitakuficha. Halafu nikaanza kumwona kwenye simu."

"Kumwona."

"Kwenye lile tangazo. Kila asubuhi nikifungua simu, yuko. Amenenepa kidogo, anacheka. Nikasema, basi mradi yuko mzima. Nikipiga cherehani namweka hapo mbele yangu ananisemesha. Nimefika, njoo na wewe. Majirani wanajua ni mamangu." Alitabasamu. "Leo tu ndiyo nimetafuta sijampata. Labda ni simu."

Ilwad aliona aibu kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Ilikuja ndogo, kama kitu kinachokwaruza ndani ya kiatu, lakini ilikuja.

"Everline. Ni mzee gani amekuambia habari za Madina?"

"Yule mwalimu. Mama alimtuma ashike darasa mpaka arudi. Alikuja mwezi ule wa pili baada ya Mama kusafiri, akasimama hapo uliposimama, akasema ametumwa. Nilimwona ana shida ya kuongea, nikadhani ni mgonjwa. Nikamletea kiti. Akaniomba daftari la Mama. Hajakosa Jumamosi hata moja tangu siku hiyo. Watoto walikuwa wamebaki wanne, sasa wako kumi na wawili."

Nyumba ya Everline ina chumba kimoja na sebule, na kati yake kuna pazia la maua. Nyuma ya pazia watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja. Zilikuwa herufi. Alifu, bee, tee. Wimbo ulikuwa ule ambao Mama aliuimba jikoni alipodhani hakuna anayemsikia, wimbo wa kwao Maragoli wa kubembeleza mtoto.

Kisha sauti ya mtu mzima ikaongoza, nzito, isiyojua kuimba, ikipotea kwenye noti na kurudi.

Ilwad aliijua. Alikuwa ameisikia saa moja iliyopita ikimwambia niko dukani.

Hakufungua pazia. Lilikuwa na upenyo wa vidole viwili, akatazama. Burale alikuwa ameketi mkekani miguu imekunjwa, kofia nyeupe, miwani chini ya pua, daftari la Mama magotini. Yule mtu aliyesema mtoto asije nyumbani kwake alikuwa amekaa nyumbani kwa yule mtoto, akijifunza wimbo wa mkewe neno kwa neno.

"Anajitahidi sana," Everline alinong'ona nyuma yake. "Mwanzoni alikuwa hawezi kabisa. Mimi ndiye nilimfundisha sauti, kwa sababu mimi naijua kutoka kwa nyanya. Yeye ananipa maneno, mimi nampa sauti. Mimi si Mwislamu, ninaenda kanisa langu hapo, lakini nimezishika karibu zote."

"Umezishika?"

"Herufi zote. Dua ya kula. Ya kulala. Halafu kuna moja ya mwisho, hiyo huwa tunaimba kabla watoto hawajaenda nyumbani. Mzee aliniomba anifundishe hiyo peke yangu kwanza. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Naiimba kwenye cherehani mchana kutwa. Sijui inasema nini, lakini nikiiimba nasikia Mama yuko karibu."

Na Everline akaiimba. Polepole, kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto, macho ameyafumba, matamshi sawa kabisa.

"Allahumma-ghfir laha war-hamha, wa 'afiha wa'fu 'anha, wa akrim nuzulaha, wa wassi' mudkhalaha..."

Ilwad amesoma duksi tangu ana miaka mitano. Hakuhitaji kutafsiriwa. Ni dua inayosomwa katika sala ya jeneza. Na hii ilikuwa imegeuzwa mwishoni mwa kila neno, laha, nuzulaha, mudkhalaha, kwa sababu aliyekufa ni mwanamke.

Miezi mitano mizima, Everline alikuwa akimswalia mama yake mfu kwenye cherehani, na hakujua.

 Ilwad alishika ukingo wa meza ya kukatia vitambaa. Kitu kilikuwa kinapanda kifuani, taratibu, kwa maumivu, kama damu inaporudi kwenye mguu uliokufa ganzi.

Upande wa pili, watoto walikuwa wamenyamaza. Pazia lilisogea. Burale alisimama pale na daftari mkononi, akamwona binti yake, na uso wake ukawa wa mtu mzee sana.  Alimtazama Everline, kisha akamtazama Ilwad tena, akaivua miwani.

Everline alifumbua macho. Hakuwa amemwona mzee kando ya pazia. Alikuwa akimtazama Ilwad, na furaha usoni ilikuwa imeanza kupungua, kwa sababu alikuwa ameona machozi yake.

"Wewe unajua Kiarabu, dadangu," alisema. "Mzee nikimwuliza hunyamaza. Niambie wewe. Hii dua nimeimba siku zote hizi, maana yake ni nini?"